Niliandika Malengo Kumi, Hata Moja Sijalitimiza

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 17, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa huku Eastlands. Tunaishi Umoja na mama, ndugu yangu wa kiume aliye Gredi ya 10, na kitinda mimba wetu wa miaka sita. Baba anafanya kazi Mombasa, tunamwona Krismasi na mara chache Pasaka.

Januari, vijana wa kanisani tuliitwa semina ya kutwa nzima. Mgeni aliyetufundisha alisema asiyeandika malengo yake ataishi akitumikia malengo ya wenzake. Akagawa karatasi, kila mtu aandike malengo 10 ya mwaka huu. Akasema tukivumilia siku 21 tu, jambo lolote litakuwa mazoea.

Mimi niliandika hivi: kupata wastani wa A- mwisho wa mwaka ili niwe daktari, kutoka D+ hadi B ya Hisabati, kuamka saa tisa usiku kila siku nisome, kukimbia kila asubuhi, kujifunza Kifaransa, kujifunza kutengeneza programu za kompyuta, kusoma riwaya mbili kila mwezi, kuweka akiba ya shilingi 5,000, kuacha TikTok, na kuwa karibu zaidi na Mungu.

Mama alifurahi mno. Aliichukua ile karatasi akaibandika ukutani kando ya televisheni. Sasa kila mgeni anaisoma. Mama mkubwa alipokuja kutoka Machakos alisomewa yote kumi, mama akamalizia, "Huyu ndiye daktari wangu." Nilitamani sakafu inimeze.

Mwalimu, ukweli ni kwamba hakuna kilichofanyika. Kuamka saa tisa niliweza wiki ya kwanza tu, nikawa nasinzia darasani hadi mwalimu wa Kemia akanisimamisha nyuma kipindi kizima. Kukimbia, mama alikataa kwa sababu ya giza. Kifaransa nilikuwa najifunza kwa simu ya mama, lakini ndiyo anayolipiwa nayo na wateja, na bando zinaisha. Akiba ilifika 600, tokeni za stima zikaisha, nikazitoa. Hisabati Januari nilikuwa na D+, na muhula huu ni D+ ile ile.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa kumi na moja, namtayarisha mtoto, natoka saa kumi na mbili kasorobo. Tunaachiliwa saa kumi jioni. Nikifika nyumbani nabadilisha nguo naenda kumsaidia mama kibandani, sokoni Mutindwa, anauza mboga, nyanya na vitunguu. Yeye anahudumia wateja, mimi naandika daftari la wanaokopa na kupiga hesabu ya faida. Hilo daftari ni langu tangu nikiwa kidato cha kwanza, mama husema mimi sikosei. Saa moja narudi kupika. Tukishakula na kuosha vyombo inakuwa saa mbili unusu, nafanya kazi za shule hadi saa tatu unusu hivi, halafu nalala saa nne na robo. Jumamosi ni kibanda kutwa. Jumapili kanisa, kufua, halafu mchana napumzika.

Sisi ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4. Walimu wanatukumbusha kila siku kwamba nyuma yetu hakuna darasa, ukianguka hakuna pa kurudia. Ndugu yangu mdogo tayari amechagua mkondo wa sayansi, anajua anakoelekea. Mimi hata sina hakika kama nataka kuwa daktari. Niliandika kwa sababu nilijua mama ataisoma.

Je, mimi ni mvivu? Niandike orodha nyingine au niachane na mambo ya malengo? Na nitamwambiaje mama aitoe ile karatasi ukutani?

Mwenye Karatasi, Umoja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile neno mvivu, kwa sababu linaonekana ndilo linalokunyima raha. Mtu anayeamka saa kumi na moja, akamvisha mtoto wa wenyewe, akasoma hadi saa kumi, akasimama sokoni hadi saa moja, akapika, akaosha, kisha akafungua vitabu, huyo akiitwa mvivu basi mimi sijui tuwaite nini wale tuliowazoea. Futa neno hilo. Tatizo lako ni la hesabu, na hesabu, kwa jinsi ulivyonieleza, ni jambo unaloliweza kuliko unavyodhani. Nitalirudia baadaye.

Chukua daftari lako la kibandani, ukurasa mpya. Upande mmoja andika saa ulizo nazo. Si saa za siku nzima. Saa ambazo hakuna mtu mwingine anazidai. Shule imechukua zake, mama amechukua zake, sufuria imechukua zake. Kwa maelezo yako, siku za wiki unabaki na kati ya saa tatu unusu na saa nne na robo usiku, dakika 45. Kwa siku tano hizo ni chini kidogo ya saa nne. Weka Jumapili mchana saa mbili. Jumla ni kama saa sita kwa wiki. Hiyo ndiyo mali yako yote.

Upande wa pili andika orodha ya semina inagharimu nini. Kuamka saa tisa usiku na kusoma hadi saa kumi na moja ni saa 14 kwa wiki. Kukimbia nusu saa kila asubuhi ni saa tatu na nusu. Kifaransa nusu saa kila siku, vivyo hivyo. Riwaya mbili kwa mwezi, programu za kompyuta, Hisabati ya kutoka D+ hadi B. Mimi nimejumlisha nikapita saa 30, tena nikiwa mkarimu, na sala sijazihesabu. Una saa sita, umeahidi zaidi ya 30. Hata waziri wa fedha hawezi kusoma bajeti kama hiyo bungeni.

Mgeni wenu wa semina hakukosea kukuambia uandike. Alichosahau ni kuuliza kila mmoja wenu anaishi vipi. Kijana wa bweni anayepigiwa kengele ya prepu, na kijana wa nyumbani mwenye chumba chake na meza yake, hao orodha zao haziwezi kuwa sawa na yako. Semina nyingi za aina hii humpa kila mtu karatasi ya ukubwa mmoja, na mwenye muda mchache ndiye anayerudi nyumbani akijiona dhaifu.

Na zile siku 21. Maneno hayo asili yake ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Hakuwa akizungumzia kusoma wala kukimbia. Miaka mingi baadaye mtafiti Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga mazoea mapya, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2010. Muda wa katikati ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na aliyekadiriwa siku 18 na aliyekadiriwa 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Wewe ulipoanguka wiki ya pili ulidhani umeshindwa mtihani, kumbe mtihani wenyewe haukuwepo.

Sasa tukate.

Lengo la kuamka saa tisa usiku liondoke leo, wala usiliombee msamaha. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Wewe ukilala saa nne na robo na kuamka saa kumi na moja hata saa saba hazijafika. Ukiamka saa tisa unabaki na chini ya saa tano. Najua shuleni mnasifiwa mnapokesha na miguu ndani ya karai la maji baridi. Sifa hizo hazijawahi kumsahihishia mtu mtihani. Yule mwalimu wa Kemia aliyekusimamisha nyuma alikuwa anaona matokeo ya lengo lako.

Kukimbia, mama ana haki, giza la alfajiri mtaani si la kufanyia majaribio. Kuacha TikTok kwa mtu asiye na simu yake ni lengo la kujazia karatasi. Akiba ya 5,000 inahitaji mapato, na wewe huna. Zile 600 ziliwasha taa nyumbani, usizihesabu kuwa hasara. Kifaransa, kompyuta na riwaya ni mambo mazuri yanayoweza kungoja Desemba. La Mungu siligusi, hilo liko kati yenu.

Yamebaki mawili: daktari, na Hisabati.

La udaktari nitasema hivi. Umeniandikia barua ndefu, na hakuna mahali umetaja mgonjwa, hospitali, hata Bayolojia. Umeandika neno hilo kwa sababu mama ataisoma. Lakini kuna kitu kimoja umekifanya tangu kidato cha kwanza bila semina, bila karatasi ukutani, bila siku 21: daftari la kibanda. Anayekopa sukuma Jumatatu unajua atalipa lini, na faida ya wiki unaijua kuliko mwenye biashara. Sikwambii uwe mhasibu. Nakwambia tu kwamba ukitaka kujua mtu anapenda nini, tazama anachofanya asipoangaliwa, na mimi kwenye barua yako nimeona daftari. Uliza mwalimu wako wa Biashara kuhusu mitihani ya KASNEB, ile ya wahasibu, ambayo ngazi ya CPA huanzia wastani wa C+ wa KCSE, ule mtihani wenu wa kumaliza kidato cha nne, na chini yake zipo ngazi nyingine. C+ ndiyo pia alama ya chini ya kuingia shahada chuo kikuu. Huo ni mlango tofauti kabisa na A- uliyoibandika ukutani, na hauna aibu yoyote.

Tena usimwonee wivu mdogo wako na mkondo wake. Gredi ya 10 ndiyo imeanza mwaka huu, wao ni wa kwanza, na wengi waliochagua walichagua wakiwa na miaka 15 kwa kutazama rafiki yake amechagua nini. Muulize siku moja mkondo huo unampeleka wapi, usikilize kimya chake.

Hisabati ndiyo lengo lenyewe. Ikikupendeza, iwe ndiyo pekee hadi mwisho wa mwaka.

Lakini "kutoka D+ hadi B" siipendi namna ilivyokaa. Edwin Locke na Gary Latham, waliotafiti mambo ya malengo kwa miongo mingi, walionyesha kwamba lengo gumu na lililo wazi humfanya mtu afanye vizuri zaidi. Utafiti uliofuata, wa Latham mwenyewe na wenzake, ukaongeza jambo ambalo semina hulisahau: mtu ambaye bado hajaijua kazi yenyewe, ukimpa lengo la matokeo humbabaisha. Afadhali apewe lengo la kujifunza. B ni matokeo. Huwezi kuketi saa tatu unusu usiku ukafanya B.

Unachoweza kufanya ni hiki. Mtihani wa Hisabati wa KCSE una karatasi mbili, kila moja alama 100. Karatasi ya kwanza hutoka zaidi katika kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, ya pili katika kazi ya cha tatu na cha nne. Katika kila karatasi, sehemu ya kwanza ina maswali 16 mafupi ya lazima yenye alama 50, na sehemu ya pili ina maswali 8, unachagua 5, kila moja alama 10. Soma hapo tena. Nusu ya mtihani mzima imejengwa hasa juu ya mambo mliyofundishwa tayari. Kama mapengo yako yako huko nyuma, basi D+ haitokani na mada ngumu za muhula huu, na ukizisoma hizo usiku kucha alama itabaki pale pale.

Na mapengo yana sababu. Darasa lenu lilikuwa la tano shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na wengi wenu hamkurudi hadi Januari 2021. Baadaye mkasomeshwa mbio mbio ili miaka irudi sawa. Mkiwa kidato cha kwanza, mwaka 2024, mafuriko yakachelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili. Sitashangaa ukigundua kwamba kinachokusumbua ni sehemu, uwiano, au aljebra ya mwanzo kabisa. Mtu anayejumlisha madeni ya soko zima bila kukosea hana kichwa kibovu cha hisabati. Kuna mahali aliachwa, na hakuna aliyerudi kumchukua.

Kwa hiyo tafuta kitabu cha mitihani iliyopita, hata cha mitumba kwa wauza vitabu wa kandokando ya barabara mjini, au omba nakala kwa mwalimu. Kila usiku maswali mawili ya sehemu ya kwanza, karatasi ya kwanza. Mawili tu. Likikushinda, usirukie majibu. Andika pembeni mada yake, na kesho yake umuulize mwalimu au mwenzako anayelijua, kabla ya kipindi cha kwanza. Baada ya wiki tatu nne utatazama ile orodha ya mada za pembeni na utaona mbili au tatu zinajirudia. Hizo ndizo zilizokushika mguu. Jumapili mchana ndipo unazirudia kutoka mwanzo, kwa kitabu cha kidato cha kwanza ikibidi, wala asikucheke mtu.

Panga pia lini na wapi, kwa maneno kamili. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu anayejiambia "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Wewe sema: nikifunga daftari la kazi za shule, nafungua Hisabati papo hapo, kabla sijashika simu ya mama. Panga na siku mbaya: stima ikipotea, nalala, na kesho naendelea na mawili, si manne. Usiku ambao kazi za shule zimekuwa nyingi hadi saa nne, nalala vilevile. Deni la usingizi usilikope.

Nyumba ikiwa na kelele Jumapili, maktaba ya taifa ina tawi Buruburu, si mbali na nyinyi, na kaunti ina maktaba zake Makadara na Kaloleni. Uliza kwanza siku na saa za kufungua. Jumamosi pengine ndiyo itakufaa, na hapo ndipo tunafika kwa mama.

Mama yako, kwa nilivyomsoma, si adui wa jambo hili. Amebandika karatasi ukutani kwa sababu anaona mwanawe anataka kitu, naye kutwa anapima nyanya juani. Hata hivyo anakutumia jioni yote na anakutarajia A-, na hayo mawili hayakai chumba kimoja. Lazima aambiwe, na wewe ndiye wa kumwambia.

Usimwambie kibandani akiwa na wateja. Usimwambie usiku amechoka. Jumapili baada ya chakula, mdogo wako akiwa nje, mpelekee lile daftari. Ni mfanyabiashara, anaheshimu hesabu. Mwonyeshe saa sita upande mmoja na saa 30 upande wa pili, kwa mwandiko wako. Usianze na udaktari. Ukianza na "Mama, sitaki kuwa daktari," mazungumzo yatakufa hapo na utalala na machozi bure. Anza hivi: "Mama, ile karatasi niliandika mambo mengi kuliko muda nilio nao. Nataka nichague Hisabati peke yake mwaka huu, kwa sababu bila hiyo hakuna kozi nzuri itakayonikubali. Naomba unisaidie nipate muda." Hapo hujasema uongo hata kidogo. KCSE tangu mwaka 2023 wastani hupigwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Lugha unaweza kubadilisha moja kwa nyingine. Hisabati haina mbadala.

Kisha omba kitu mahsusi, kidogo, ambacho anaweza kukikubali bila biashara kuumia. Mimi ningeomba mawili. Jumamosi asubuhi uende maktaba kwa muda wa saa tatu, urudi kibandani kabla ya wateja wa jioni, ambao najua ndio wengi. Na siku mbili za wiki ndugu yako apike.

Naam, ndugu yako. Katika barua nzima sijaona mahali huyo kijana anaosha hata kikombe. Pengine anafanya na umesahau kuandika. Kama ndivyo, mniwie radhi nyote wawili. Lakini kama hafanyi, basi saa zako nyingi zilizopotea ziko kwake, na mwanafunzi wa mkondo wa sayansi anaweza kabisa kuchemsha maji ya ugali. Akisema hajui, simama naye jikoni mara mbili. Mara ya tatu utoke jikoni. Utakula ugali mbichi siku chache, hutakufa. Mama akisita kwa sababu ni mvulana, usibishane naye mambo ya wavulana na wasichana. Mwambie tu, siku hizo mbili zinanipa saa mbili za Hisabati, halafu nyamaza umpe nafasi afikirie.

La udaktari mwachie hadi matokeo ya muhula wa tatu. Wakati huo utakuwa na namba mpya za kumwonyesha, na pengine utakuwa umezungumza na mwalimu wa Biashara na kujua njia nyingine inaitwaje na inalipiwa vipi. Akikuuliza kabla ya hapo, mjibu kwa heshima kwamba bado unatafuta. Miaka 17 mtu anaruhusiwa kutafuta. Baba naye apigiwe simu Jumapili moja, asije akasikia mambo haya Krismasi kama habari za jirani.

Jambo la mwisho kuhusu kutofikia. Unamjua Faith Kipyegon. Juni 2025 huko Paris alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, jambo ambalo hakuna mwanamke amewahi kulifanya. Dunia ikatazama, akamaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 hivi. Kwa hesabu ya karatasi ya ukutani, ameshindwa. Ila rekodi yake mwenyewe ya dunia ilikuwa 4:07.64, na ingawa muda wa Paris haukuhesabiwa kuwa rekodi, miguu yake ilikuwa imekwenda kasi kuliko siku zote. Julai 5, siku chache tu baadaye, huko Eugene, Marekani, alivunja rekodi yake ya mita 1500 kwa 3:48.68. Mazoezi yake kambini Kaptagat hayakuwa bure kwa sababu ya zile sekunde sita. Wewe pia, ukifika Novemba na C- badala ya B, hiyo ni hatua moja juu ya D+ ikiwa imebaki mwaka mzima kabla ya KCSE ya 2027. Usiibandike popote, endelea na maswali yako mawili.

Umeuliza pia kuhusu ile karatasi. Usiichane mama akiwa hayupo, atadhani umekata tamaa. Siku ya mazungumzo, baada ya kukubaliana, mwombe aitoe yeye mwenyewe. Akitaka kubandika nyingine mahali pake, mwambie safari hii ikae ndani ya daftari la kibanda, ukurasa wa nyuma, mnapoiona nyinyi wawili peke yenu. Akikataa kabisa kuitoa, iache. Wageni wakisoma, wewe nenda jikoni ukaangalie kama ndugu yako amewasha jiko.

Niandikie tena matokeo ya muhula yakitoka. Nitapenda kujua ni mada gani zilizojirudia pembeni mwa daftari. Nina shaka na uwiano.

Mwalimu